Utando Unaobanduliwa Pamoja na Sumu: Majibu kwa Wasomaji

Katika toleo lililopita tulieleza kwa aya moja kwamba zipo polima za majimaji, yaani vitu vya jamii moja na plastiki na gundi, ambazo hupakwa juu ya sakafu, meza au chombo kilichochafuliwa na metali yenye sumu, zikaachwa zikauke, kisha zikabanduliwa kama nyoka anavyojivua gamba, zikiondoka na uchafu ule. Na kwamba baadhi yake hubadilika rangi mahali penye metali, zikamwonyesha msafishaji kile ambacho macho yake hayawezi kukiona. Aya hiyo imetuletea barua nyingi. Tumechagua sita na tumezijibu kwa urefu usiolingana, kwa kuwa uzito wa maswali yenyewe haulingani. Barua ya kutoka Tanga tunaomba isomwe na kila mwenye watoto wadogo nyumbani.

Swali kutoka kwa mwalimu wa kemia, Morogoro

Ndugu Mhariri, wanafunzi wangu wa kidato cha nne wameniuliza jinsi kitu laini kama plastiki kinavyoweza kung'oa metali, nami nikakosa jibu la kuwatosheleza. Je, metali hunaswa kama nzi kwenye gundi, au kuna kemia ndani yake? Na kuna tofauti gani kati ya njia hii na kusugua kwa maji na sabuni?

Jibu

Mwalimu, mnaso upo na kemia nayo ipo, na nguvu ya njia hii imo katika kuviunganisha viwili hivyo.

Polima inayotumika sana ni polivinili alkoholi, ambayo wakemia wa Kijerumani Willy Herrmann na Wolfram Haehnel waliitengeneza kwa mara ya kwanza mwaka 1924. Minyororo yake ni mirefu na imejaa vikundi vya oksijeni na haidrojeni viitwavyo haidroksili, vile vile vinavyoufanya wanga upatane na maji. Kwa hiyo huyeyuka majini na kuwa ute mzito unaoweza kupakwa kwa brashi, kwa rola au kwa bomba la kupulizia. Ute huo ukiwa bado mbichi huingia katika mikwaruzo na vitundu vidogo ambamo kitambaa hakifiki. Maji yanapokauka, minyororo husogeleana na kushikana, utando husinyaa, na chembe zilizokuwa zimezungukwa na ute hubaki zimefungwa ndani yake. Mpishi anayejua kubandua ukoko wa wali ukatoka mzima, ukiwa umebeba kila kilichoshika chini ya sufuria, ameshaiona kanuni hii kwa macho yake, kwani wanga nao ni polima, na ukoko ni utando wake uliokauka.

Lakini metali haikai juu ya uso kama vumbi tu. Sehemu yake huwa ni ayoni, yaani atomi zenye chaji ya umeme, zilizoyeyuka katika unyevu zikashikana na oksidi za uso huo, na hizo hazing'oki kwa kunata. Hapo huongezwa molekuli za aina ambayo wanasayansi waliipa jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya gando la kaa. Sisi wa pwani hatuhitaji maelezo zaidi: kaa akishakubana kwa magando yake, kumbandua ni kazi. Molekuli mashuhuri katika kundi hilo ni EDTA, ambayo huweza kuishika ayoni moja ya metali katika sehemu sita kwa wakati mmoja, na ambayo kwa umbo la chumvi yake ya kalsiamu hutumiwa na madaktari kutoa metali ya risasi mwilini mwa mtu aliyedhurika nayo. Ndani ya ute, magando hayo huzivuta ayoni kutoka kwenye uso na kuziingiza katika polima, na utando ukikauka, ayoni, gando na polima huondoka pamoja.

Kuhusu sabuni, tofauti kubwa ipo katika mahali uchafu unapokwenda. Ukisugua pakavu, vumbi hupanda hewani na kuingia mapafuni. Ukisugua kwa maji mengi, metali huhamia kwenye maji, na maji hayo hupenya katika nyufa, hutiririka hadi kwenye mtaro, au hujaa katika ndoo ambazo sasa zote ni taka. Utando hauinui vumbi wala hauleti maji ya kumwaga. Ukipaka unene wa milimita moja, lita moja hutosha kwa mita moja ya mraba, na ikiwa sehemu moja tu kati ya tano za ute huo ndiyo isiyopotea hewani maji yanapokauka, utabaki na utando wa milimita 0.2 ambao unaweza kukunjwa ukaingia katika mfuko mdogo. Tena haukwaruzi: wanasayansi wa LIGO nchini Marekani, wanaopima mawimbi ya mvutano kwa vioo vyenye uzito wa kilo 40 kila kimoja, hutumia polima ya kubanduliwa kusafisha vioo hivyo ambavyo mguso wa kitambaa ungeweza kuviharibu.

Waambie pia wanafunzi mpaka wa uwezo wake. Utando hufanya kazi juu ya uso laini usiofyonza, kama vile chuma cha pua, kioo, vigae na rangi ya mafuta iliyokaa vizuri. Juu ya zege tupu au ubao mbichi, ute hupenya na kung'ang'ania, hukatika vipande wakati wa kubandua, na metali iliyozama chini zaidi hubaki ilipo.

Swali kutoka kwa mtumishi wa kitengo cha tiba ya nyuklia, Dar es Salaam

Ndugu Mhariri, kazini kwetu tunatumia kipimo cha mionzi kutafuta matone yaliyomwagika. Mmeandika kwamba utando hubadilika rangi wenyewe. Je, tunaweza kuuamini kuliko kipimo? Na je, unatufaa sisi tunaotumia tekineti-99m, metali yenye mionzi ya kupigia picha za wagonjwa, kila siku?

Jibu

Ndugu yetu, utando unaobadilika rangi hautambui mionzi hata kidogo. Unatambua kemia. Tofauti hii ndiyo yenye jibu lako lote.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Marekani, wakiwamo wa maabara ya Los Alamos ambako plutoni imeshughulikiwa tangu Vita vya Pili vya Dunia, walieleza utando wa namna hii uliokusudiwa kwa urani, plutoni na metali nzito nyinginezo. Ndani ya polima walitia molekuli yenye kazi mbili, yaani rangi ambayo pia ni gando. Ikiwa peke yake, molekuli hiyo huwa na rangi ya manjano au chungwa. Ikishika ayoni ya metali, elektroni zake hupangika upya, mwanga inaoufyonza hubadilika, nayo hugeuka kuwa nyekundu au zambarau. Msafishaji anayepaka ukuta mzima huona madoa yakijitokeza mahali penye metali, na baada ya kubandua anaweza kupaka tena ili ajue kama palipokuwa na doa sasa pametakata. Naona uzuri wa pekee katika kitu kimoja kinachouliza, kinachojibu na kinachosafisha.

Sasa linganisha uzito na mionzi. Miligramu moja ya urani ya asili hutoa takriban bekereli 25 tu, yaani atomi 25 zinazovunjika kila sekunde, kwa hiyo kiasi ambacho rangi inaweza kukionyesha kinaweza kuwa kigumu kupimwa kwa mionzi yake. Tekineti-99m ni kinyume kabisa. Gigabekereli moja, yaani bekereli bilioni moja, ambayo ni zaidi ya kile ambacho mgonjwa mmoja kwa kawaida hupewa kwa picha ya mifupa, ina uzito wa nanogramu kama tano, yaani sehemu tano za bilioni za gramu. Hakuna rangi itakayoona nanogramu tano zilizotawanyika sakafuni, ilhali kipimo chako kitalia kabla hujakisogeza karibu. Kwenu, kipimo ndicho jicho.

Wala tekineti haihitaji kubanduliwa. Nusu-maisha yake, yaani muda ambao nusu ya mionzi yake huisha, ni saa 6. Funika mahali hapo, weka alama, zuia watu wasipite, na baada ya saa 60 kitabaki chini ya sehemu moja kati ya elfu. Mambo hubadilika mkitumia luteti-177, metali nyingine yenye mionzi, ambayo nusu-maisha yake ni karibu siku 6.6 na ambayo magando ya kemikali huishika vizuri: hapo meza ya kazi au kiti cha mgonjwa hakiwezi kungoja miezi miwili, na utando una nafasi yake. Iodini-131 si metali na magando haya hayaishiki, ingawa polima yenyewe inaweza kunasa matone yaliyokauka.

Kuna mitego miwili ya upimaji ambayo ningependa muijue. Kwanza, miali ya alfa huzuiwa na tabaka la polima lenye unene wa nusu tu ya sehemu ya kumi ya milimita, kwa hiyo anayepima alfa juu ya utando kabla ya kuubandua atasoma sifuri na kufurahi bure. Apime uso baada ya kubandua, kisha aupindue utando na kupima upande wake wa chini. Pili, rangi hizi hazichagui kikamilifu. Chuma, shaba na zinki nazo huweza kuzigeuza, na sakafu yenye kutu itaonyesha madoa yasiyo ya urani. Watengenezaji huongeza kemikali za kuzifunga metali hizo zisizotafutwa, lakini doa litabaki kuwa sababu ya kupima zaidi, si hukumu.

Mafanikio ya usafishaji hutajwa kwa kugawanya kipimo cha kabla kwa kipimo cha baada. Ukianza na 1,000 ukabaki na 100, uwiano ni 10, maana yake asilimia 90 imeondoka; uwiano wa 100 ni asilimia 99. Tabaka la kwanza ndilo hubeba kilicho rahisi kubebeka. La pili huondoa kidogo zaidi, na likionekana haliondoi kitu, kilichobaki kimeshikwa na uso wenyewe, na kuendelea kupaka ni kupoteza fedha.

Swali kutoka kwa mama wa watoto watatu, Tanga

Mheshimiwa Mhariri, baba mkwe wangu ni mvuvi tangu ujana wake. Huvunja betri kuukuu za magari, akayeyusha risasi yake katika sufuria jikoni kwangu, akamimina chubwi za nyavu zake na za jirani. Mjukuu wake wa mwisho ana mwaka mmoja na anatambaa juu ya sakafu ile ile. Baba ni mtu mwema na ninamheshimu, wala sijui nianzie wapi kumweleza. Je, utando huu unaweza kuisafisha sakafu yangu?

Jibu

Mama, tunakushukuru kwa kuandika. Tutakujibu bila kuficha uzito wa jambo, na tunakuomba usijilaumu, kwa kuwa risasi haina harufu, haiwashi, na vumbi lake halina tofauti na vumbi jingine.

Jambo la kwanza ni mtoto, kabla ya sakafu. Mpeleke hospitali, umweleze daktari waziwazi kwamba risasi huyeyushwa jikoni, na uombe apimwe damu kwa ajili ya risasi. Usingoje dalili, mtoto anaweza kuonekana mzima huku akili yake inayokua ikidhurika. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama, na mwongozo wake wa mwaka 2021 unataka chanzo kitafutwe na kuondolewa mara tu kipimo kinapofikia mikrogramu 5 kwa desilita. Mtoto hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, naye anayetambaa hutia mkono mdomoni siku nzima. Wapimwe na ndugu zake wawili, na wewe mwenyewe ikiwa una mimba au unanyonyesha.

La pili ni kwamba uyeyushaji usimame, au angalau uhame kabisa kutoka nyumbani. Hakuna utando, sabuni wala dawa itakayoshindana na sufuria inayochafua upya kila wiki. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327, na kadiri moto wa mkaa unavyozidi kuipasha ndivyo moshi wake usioonekana unavyotoka na kutua juu ya rafu, vyombo na nguo. Ili upate picha ya udogo wa kiasi tunachokizungumza: mwaka 2024 mamlaka ya mazingira ya Marekani iliweka mikrogramu 5 kwa futi moja ya mraba ya sakafu kuwa kiwango kinachotaka hatua. Gramu moja ya risasi, ambayo ni ndogo kuliko punje ya mahindi, ikisambazwa kwa kiwango hicho ingefunika zaidi ya viwanja viwili vya mpira. Sufuria ile isirudi kupikia chakula, hata ikisuguliwa mara ngapi.

Sasa kuhusu sakafu. Ikiwa ni ya vigae au imepakwa rangi ya mafuta isiyobanduka, utando ungeweza kufaa. Ikiwa ni ya saruji tupu, kama zilivyo nyingi, ute utang'ang'ania na kukatika. Kwa nyumba yako tunashauri njia nyepesi ambayo inafanya kazi: usifagie pakavu kamwe, ondoa watoto, loanisha, kisha pangusa kwa vitambaa na maji ya sabuni ukitumia ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia, ukibadilisha maji mara kwa mara, anza na rafu na dirisha, malizia sakafu, rudia siku kadhaa. Vitambaa usivifulie pamoja na nguo za nyumbani. Maji yale usiyamwage kwenye bustani ya mchicha wala karibu na kisima, mwaga chooni. Baadaye, sakafu ikiwa imekauka, ipakeni rangi ya sakafu ili kilichozama kwenye saruji kibaki chini ya tabaka gumu. Mikono ya watoto ioshwe kwa sabuni kabla ya kila mlo, na chakula chao kiwe na madini ya chuma na kalsiamu ya kutosha, kama maharagwe, mboga za majani, dagaa na maziwa, kwani mwili wenye upungufu wa madini hayo hufyonza risasi zaidi.

Umetuuliza pia, ingawa kwa kuzunguka, namna ya kumwambia baba. Hapa ndipo kemia ya rangi inaweza kukusaidia kuliko maneno yetu. Ipo kemikali iitwayo rodizoneti ya sodiamu ambayo hugeuka waridi au nyekundu inapokutana na risasi katika hali ya tindikali, na kipimo chake cha kitambaa ni rahisi. Mwombe mumeo awasiliane na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye ofisi za kanda, aulize namna ya kupimiwa kipande cha kitambaa kilichopanguswa sakafuni na kingine kilichopanguswa kwenye viganja vya baba baada ya kazi. Kisha mumeo, kwa kuwa ni mwanawe, amwonyeshe baba yake majibu wakiwa wawili tu. Mzee aliyelea watoto kwa bahari hatadharau kitu akikiona kiko mikononi mwake mwenyewe na akielezwa kwamba mjukuu anakishika. Chubwi zilizokwisha kumiminwa hazina haja ya kutupwa. Zihifadhiwe nje ya nyumba, wala asiziume kwa meno kuzibana kwenye mshipi, kama wafanyavyo wavuvi wengi. Kwa nyavu, wazee walitumia mawe na vigae vya vyungu muda mrefu kabla ya betri za magari kufika pwani.

Swali kutoka kwa mkazi wa Mombasa

Ndugu Mhariri, je, teknolojia hii ingeweza kuwasaidia watu wa Owino Uhuru?

Jibu

Kwa sehemu ndogo tu, ndugu yetu, na tungependa kuwa wakweli katika hili. Kijiji cha Owino Uhuru kilichafuliwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya kazi jirani na nyumba za watu hadi mwaka 2014, na Bi Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wakazi, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya mwaka 2020. Mahakama ya Rufani ilitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Risasi ya mahali kama pale imo katika udongo, na udongo haubanduliwi. Unachimbwa na kuondolewa, au unafunikwa kwa udongo safi. Utando ungefaa ndani ya majengo, juu ya milango, mashine na kuta zilizopakwa rangi, baada ya udongo wa nje kushughulikiwa. Ukianza na kuta huku ua ukiwa bado mchafu, miguu itairudisha risasi ndani kwa siku chache.

Swali kutoka kwa mchimbaji mdogo, Geita

Je, utando unaweza kuondoa zebaki iliyomwagika?

Jibu

Zebaki ya majimaji, hapana. Matone yake hukwepa brashi na kugawanyika, nayo huendelea kutoa mvuke ambao utando wa kawaida hauuzuii. Kwanza fungua milango na madirisha, ondoa watu, vua dhahabu mwilini, kisha kusanya matone kwa vipande viwili vya kadi ngumu na kuyavuta kwa sindano isiyo na ncha, uyatie katika chupa yenye maji kidogo na kifuniko imara. Usifagie wala usitumie mashine ya kufyonza vumbi, kwani zote huisambaza. Salfa ya unga ikinyunyizwa juu ya mabaki huungana nayo polepole, na baada ya hapo ndipo utando unaweza kukusanya unga ule kwenye uso laini. Lakini anayechoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu ndani ya nyumba anauvuta mvuke wenyewe, na hilo halina usafishaji. Litumike jiko la kunasa mvuke, liwekwe nje, mbali na watoto.

Swali kutoka kwa mwenye karakana ya kuchaji betri, Mwanza

Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba polima hii ni ya familia ya gundi. Nina vibao vya chuma na meza za vigae vyenye vumbi la risasi. Je, nikipaka gundi nyeupe ya mafundi seremala, nikabandua na kuchoma moto, si nitakuwa nimemaliza?

Jibu

Ndugu yetu, wazo lako la kwanza lina akili, na la mwisho lina hatari kubwa.

Gundi nyeupe ya seremala ni polivinili asetati, na polivinili alkoholi hutengenezwa kutokana nayo. Ni ndugu wa damu lakini tabia zao hazilingani. Gundi ile imeundwa ishike na isiachie. Juu ya kigae inaweza kubanduka na kunasa vumbi legevu, lakini haina magando ya kushika ayoni, na juu ya chuma chenye mikwaruzo utatumia siku nzima ukikwangua, na kukwangua huinua vumbi. Ute uliotengenezwa kwa kazi hii una polima inayokubali kuachia, kilainishi kinachouzuia usiwe mkavu wa kukatika, na kemikali za kukamata metali. Inasimuliwa kwamba mmoja kati ya ute unaouzwa leo, uliobuniwa Hawaii, uligunduliwa uwezo wake pale mtafiti alipoumwaga kwa bahati mbaya, na alipoubandua ulipokauka akakuta sakafu chini yake imekuwa safi kuliko pembeni. Mahali penye unyevu mwingi kama kando ya ziwa, upe muda mrefu zaidi ukauke. Ukiubandua ungali mbichi katikati, utaacha ute wenye risasi nyuma yake. Wengine hutandika kitambaa chepesi chenye matundu katika ute mbichi ili kubandua kuwe rahisi, na hasa kingo ndizo zinazohitaji unene wa ziada, kwa kuwa ubanduaji huanzia hapo. Vaa glavu, na barakoa inayochuja vumbi.

Usichome. Polima itaungua, risasi haitaungua. Sehemu yake itapanda na moshi, na iliyobaki itakuwa majivu mepesi yanayopeperuka, yaani utakuwa umekigeuza kitu ulichokifunga kuwa kile kile ulichotaka kukiondoa. Wala usiutupe utando jalalani. Kunja upande mchafu ukiwa ndani, utie katika mfuko mzito, funga, kisha weka katika ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, ukiandika juu yake jina la metali, mahali ilipotoka na tarehe. Mweleze mkaguzi wa mazingira wa halmashauri yako, umuulize ni mkusanyaji gani mwenye kibali cha taka hatarishi anayefika eneo lenu, na ndoo ikae mahali pakavu palipofungwa hadi siku hiyo. Neno pakavu tunalisisitiza kwa sababu ya kemia tuliyoanza nayo kwa mwalimu wa Morogoro: polima iliyoyeyuka katika maji ili ipakwe inaweza kulainika na kuyeyuka tena ikilowa, na mvua moja ikiingia katika ndoo isiyo na mfuniko itairudisha risasi yako sakafuni.